Kitabu kilichokatwa kiingie mfukoni

Ukikiona mara ya kwanza unadhani kiwandani walikosea kukata. Ni kitabu lakini kimelala, upana umezidi urefu kama kitabu cha risiti za dukani, ndani maandishi yamepangwa safu mbili kama Biblia, karatasi ni ya daraja la gazeti na leo hii imeshageuka rangi ya chai, halafu kimebanwa kwa pini pembeni. Juu ya jalada wameweka picha ndogo ya jalada la kitabu chenyewe, yaani picha ya kitabu juu ya kitabu, na chini wameandika kwamba hiki ni kitabu kizima, sio muhtasari. Vitu vya namna hii Marekani ilichapa karibu milioni 123 kati ya mwaka 1943 na 1947, ikavigawa bure kwa wanajeshi wake waliokuwa nje, Ulaya, Afrika Kaskazini, visiwa vya Pasifiki, popote walipokuwa. Viliitwa Armed Services Editions. Mimi naamini kabisa hii ni moja ya kazi za akili sana kuwahi kufanywa kwenye historia ya vitabu, ila sio kwa ile sababu ambayo watu wengi wanaitaja.

Sababu inayotajwa ni ile ya kishujaa. Tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walichoma vitabu Berlin na miji mingine ya Ujerumani, na miaka tisa baadaye, Marekani ikiwa imeshaingia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wachapishaji na wauza vitabu na wakutubi wa kule wakaunda umoja wao ukaitwa Council on Books in Wartime, kauli mbiu yao ikiwa vitabu ni silaha kwenye vita vya fikra, maneno ambayo anahesabiwa nayo mchapishaji W. W. Norton na Rais Roosevelt naye akayachukua. Kwa hiyo simulizi ikakaa hivi, wale wanachoma, sisi tunagawa. Inavutia, na ukweli umo, ila haitoshi, kwa sababu Wajerumani nao waligawa.

Na waligawa kweli kweli. Kampuni ya Bertelsmann peke yake ililiuzia jeshi la Hitler vitabu kama milioni 19, vijitabu vyepesi vilivyopimwa viweze kusafiri kwa posta ya jeshi kwenda mstari wa mbele. Kwa miaka mingi baada ya vita kampuni ilijieleza kama mchapishaji aliyebanwa na Wanazi, mpaka tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Saul Friedländer ilipotoa ripoti mwaka 2002 ikaonyesha kwamba jeshi la Hitler lilikuwa mteja wao mkubwa na kwamba ndani ya orodha yao kulikuwa na vitabu vya chuki dhidi ya Wayahudi. Leo Bertelsmann ndiyo wenye Penguin Random House, kampuni kubwa ya kuchapisha vitabu. Silisemi hili kutafuta ubaya wa mtu wa leo, nalisema kwa sababu linatubana tufikiri vizuri: kama pande zote mbili zilimpa mwanajeshi kitabu, basi kule kugawa tu sio sifa. Swali ni kitabu gani, kimetengenezwaje, na aliyekipewa ameachiwa nafasi gani ya kuchagua. Hapo ndipo wale Wamarekani walifanya kitu cha tofauti, tena walianza kwa kukosea.

Walikosea kwa kuomba michango. Mwaka 1942 ilianza kampeni kubwa inaitwa Victory Book Campaign, wananchi wanaombwa watoe vitabu vyao vya nyumbani kwa ajili ya vijana kambini, na kwa muda wa miaka miwili watu walitoa vitabu kama milioni 18. Idadi sio mchezo. Lakini ukiambiwa utoe kitabu unatoa kile usichokihitaji, ndivyo binadamu tulivyo, kwa hiyo vikamiminika vitabu vya kufuma, vitabu vya watoto, vitabu vilivyochakaa, vitabu vya masomo yaliyopitwa na wakati, wakutubi wakabaki na kazi ya kuchambua na kutupa. Na hata vile vizuri vilikuwa na jalada gumu, vizito, kambini ndani ya Marekani sawa, lakini mtu anayebeba bunduki na chakula na koleo na blanketi mgongoni hawezi kuongeza kitu cha karibu kilo moja. Sisi wa huku ambao tumewahi kufungua maboksi ya vitabu vya msaada shuleni, ukakuta mwongozo wa programu ya kompyuta ambayo haipo tena duniani na darasa zima halina kitabu cha hadithi, tunaielewa hii hali bila kuelezwa. Kampeni ilifungwa mwaka 1943.

Sasa hapo ndipo akili ilipoingia. Luteni kanali Ray Trautman, aliyekuwa anasimamia maktaba za jeshi, pamoja na msanifu wa uchapaji H. Stahley Thompson, walikuja na wazo la kuacha kabisa kuanza na kitabu. Walianza na mfuko. Sare ya mwanajeshi ina mfuko wa kifuani na mfuko wa suruali, una vipimo vyake, basi kitabu lazima kiingie humo. Halafu wakaangalia mashine. Mitambo ya kuchapa vitabu ilikuwa michache na ina kazi, lakini ile mikubwa ya magazeti ya mwezi kama Reader's Digest ilikuwa na nafasi kati ya toleo na toleo, na inakula karatasi nyembamba kwa kasi ambayo mtambo wa vitabu haiwezi. Tatizo ukubwa wa ukurasa wake hauingii mfukoni. Suluhisho lao ndilo hilo linalofanya kitabu kionekane kimekosewa: walichapa vitabu viwili kwa pamoja, kimoja juu na kingine chini ya ukurasa uleule, wakavibana pamoja, halafu wakapitisha kisu katikati. Vikitengana kila kimoja kinabaki kifupi na kipana. Kwa kuwa mstari mrefu kwenye karatasi fupi unachosha macho wakapanga safu mbili, na safu fupi ikawa inasomeka vizuri hata kwenye meli inayoyumba au chini ya taa hafifu ya hema. Saizi zikawa mbili, ndogo ya sentimita kama 14 kwa 10 na kubwa ya kama 16 na nusu kwa 11 na nusu. Pini badala ya gundi peke yake kwa sababu gundi kwenye nchi za joto na unyevu inaachia na wadudu wanaila.

Mimi nikisoma habari ya kile kisu kinachopita katikati huwa nasisimka, na najua kuna watu watashangaa kwamba mtu anasisimkia kisu cha kukatia karatasi. Lakini fikiria. Kwa karne kadhaa kitabu ndicho kilikuwa kinamwambia msomaji akae wapi, kwenye meza, kwenye kiti, karibu na taa, mikono misafi, muda wa kutosha. Hawa jamaa waligeuza, wakasema msomaji yuko kwenye handaki, mikono ina tope, ana dakika kumi na hajui kama atamaliza, basi kitabu kimfuate huko. Uzuri wa kitabu wakauacha. Heshima ya wachapishaji, zile karatasi nene na majalada yenye dhahabu, wakaiweka pembeni. Walichobakiza ni maandishi, tena kwa sehemu kubwa maandishi yote, maana ni sehemu ndogo tu ya vitabu hivyo ilifupishwa na vilivyofupishwa viliandikwa wazi kwamba vimefupishwa.

Bei ikashuka mpaka senti 6 hivi kwa nakala, wakati kitabu cha jalada laini cha dukani kilikuwa senti 25 na cha jalada gumu dola 2 na zaidi. Jeshi ndilo lililolipa gharama, na mwandishi na mchapishaji waligawana senti 1 kwa kila nakala, yaani nusu nusu. Wachapishaji hawakuwa malaika na sioni haja ya kuwafanya malaika. Walikuwa na hofu kubwa kwamba wakimzoesha kijana kitabu cha bure atarudi nyumbani hataki kununua, ndiyo maana kwenye makubaliano wakasisitiza vitabu hivi viende kwa wanajeshi tu na visirudi kuuzwa kwenye soko la ndani. Hofu yao haikutimia, ilikuwa kinyume kabisa, baada ya vita biashara ya vitabu vya jalada laini Marekani ndiyo iliruka. Kila nikisikia mchapishaji wa leo anasema kitabu cha bei rahisi kinaua soko huwa nawakumbuka hawa, maana msomaji haji dukani ameshaumbwa tayari, anatengenezwa, na mara nyingi anatengenezwa na kitabu ambacho hakukitolea hela.

Lakini mfuko na kisu na senti 6 bado ni nusu ya habari. Wajerumani nao walikuwa na vijitabu vyepesi. Nusu nyingine ni orodha.

Mafungu ya kwanza yalitoka Septemba 1943, vitabu 30 tofauti, nakala 50,000 kila kimoja, na namba moja kabisa kwenye orodha, A-1, hakikuwa kitabu cha vita wala cha uzalendo, kilikuwa kitabu cha vichekesho cha Leonard Q. Ross kuhusu mhamiaji mmoja New York anayehangaika kujifunza Kiingereza darasani usiku. Mpaka mradi unafungwa mwaka 1947 vilikuwa vimetoka vitabu 1,322, na mwisho idadi ya nakala kwa kitabu kimoja ilikuwa imefika 155,000. Ndani yake kuna kila kitu. Hadithi za upelelezi, za ng'ombe na bastola, michezo, mashairi, Dracula, Frankenstein, Moby-Dick, mpaka Jamhuri ya Plato. Yupo Superman. Umeona wapi serikali inampa koplo Plato na Superman kwenye boksi moja halafu inamwacha achague? Hapa ndipo ninaposema ile akili ilikuwepo. Hawakuamua kwamba huyu kijana aliyeishia darasa la nane anafaa vichekesho tu na yule mwenye digrii anafaa falsafa. Boksi lilikuja kwa kikosi, watu wakachukua, wakabadilishana, kitabu kikipoteza kurasa kinasomwa hivyohivyo, wengine wakachana kitabu vipande ili aliyemaliza sura ya kwanza ampe mwenzake.

Na waliamini msomaji mpaka pale pagumu. Mwaka 1944 riwaya ya Lillian Smith inaitwa Strange Fruit, inayozungumzia mapenzi ya mzungu na dada mweusi kwenye majimbo ya kusini ya Marekani, ilipigwa marufuku Boston, na posta ya Marekani yenyewe ikaizuia kwa muda mfupi mpaka Ikulu ikaingilia. Kitabu hichohicho kikachapwa kwa ajili ya wanajeshi. Yaani kijana wa Boston alikuwa na nafasi kubwa ya kukisoma akiwa vitani kuliko akiwa kwao. Hapo lazima niweke jambo lingine lisipotee: jeshi lililogawa kitabu hicho lilikuwa bado linawatenga askari weusi kwenye vikosi vyao peke yao, na liliendelea hivyo mpaka Rais Truman alipotoa amri ya kukomesha ubaguzi huo mwaka 1948. Kitabu kilitangulia, jeshi lenyewe likabaki nyuma.

Mwaka huohuo wa 1944 bunge la Marekani karibu livuruge kila kitu. Uchaguzi ulikuwa unakuja, Roosevelt anagombea mara ya nne, na seneta Robert Taft akachomeka kipengele kwenye sheria ya kura za wanajeshi kinachosema ni marufuku kutumia fedha za serikali kuwapa wanajeshi kitu chochote chenye hoja za kisiasa zinazoweza kugusa uchaguzi. Ukikisoma haraka unaona sawa tu. Lakini maofisa wa jeshi wakiogopa faini na kifungo wakaanza kukataa vitabu ambavyo havina uhusiano wowote na kura, wasifu wa jaji Holmes ulioandikwa na Catherine Drinker Bowen, kitabu cha historia cha Charles Beard, hata insha za E. B. White za maisha ya shambani. Wachapishaji wakaona hapa tukinyamaza tumekwisha. Wakaandika, wakapiga kelele magazetini, magazeti yakawaunga mkono nchi nzima, na mwezi Agosti sheria ikalegezwa. Mimi naichukulia ile miezi michache kuwa sehemu muhimu kuliko zote za mradi huu, kwa sababu ilikuwa katikati ya vita kubwa kuliko zote, kisingizio cha usalama wa taifa kipo mezani, na bado watu wa vitabu walikataa vitabu vichaguliwe kwa woga. Wenyewe pia hawakuwa wasafi asilimia mia, riwaya moja ya Zane Grey waliitoa kwenye orodha kwa sababu inawashambulia Wamormoni, lakini kuacha kitabu kwa kuchelea kuwaumiza waumini walio ndani ya jeshi lako na kuacha kitabu kwa kumwogopa seneta ni vitu viwili tofauti.

Je, vilisomwa? Hilo ndilo swali la kila anayegawa vitabu. Kabla ya tarehe 6 Juni 1944, kwenye kambi za kusini mwa Uingereza ambako wanajeshi walikuwa wanasubiri kuvuka kwenda Normandy, pwani ya Ufaransa, vilihifadhiwa karibu nakala milioni moja ili kila anayepanda meli awe na kitabu. Walipofika kwenye kupanda watu walipunguza mizigo, wakatupa chini vitu vya kila aina, na waliokuja kusafisha baadaye hawakukuta vitabu vingi kwenye yale malundo. Mwandishi wa habari A. J. Liebling, aliyekuwa kwenye moja ya boti za kushushia askari, alimkuta mwanajeshi anasoma Candide ya Voltaire, na yule kijana akamwambia kwamba hivi vitabu vidogo ni kitu kikubwa, vinamwondoa mtu pale alipo. Pale alipo ni pale pale tunapopajua sote kwenye picha, bahari ya kijivu na mbele kuna bunduki za rashasha.

Na kuna Betty Smith. Riwaya yake ya mwaka 1943 kuhusu binti maskini anayekulia Brooklyn ndiyo ilikuwa kama kipenzi cha jeshi zima, wanaume waliokuwa Pasifiki na hospitalini walimwandikia barua kwa mamia, na nyingi alizijibu. Mtu anaweza kujiuliza askari wa miguu anapata nini kwenye hadithi ya binti mdogo, mama anayesugua sakafu na baba mlevi anayeimba. Anapata nyumbani. Anapata ngazi za jengo lake, njaa ya utotoni, harufu ya jiko la mama yake. Hakuna afisa propaganda ambaye angekaa ofisini akafikiria kwamba hicho ndicho kitabu cha kumwimarisha mwanajeshi, na ndiyo maana sio vizuri kumwachia afisa propaganda hiyo kazi.

Mfano ambao unazunguka sana mtandaoni ni wa The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald, kwamba Fitzgerald alikufa mwaka 1940 akijiona ameshindwa, kitabu chake hakiuziki, halafu mwaka 1945 jeshi likachapa nakala 155,000 na ndiyo kikafufuka. Namba hiyo ni ya kweli, na ukiweka pembeni toleo la kwanza la mwaka 1925 lililokuwa na nakala kama 20,000 unaona ukubwa wake. Ila mimi huwa sikubali kirahisi kwamba jeshi peke yake ndilo lilifanya. Wahakiki walikuwa wameanza kumrudia Fitzgerald, rafiki yake Edmund Wilson alihariri kazi zake zilizobaki, na mwaka huohuo 1945 kulikuwa na matoleo mengine ya bei ndogo. Jeshi liliongeza wasomaji kwa wingi sana wakati ambao mlango ulishaanza kufunguka. Hiyo inatosha kuwa sifa, haina haja ya kutiwa chumvi.

Sasa naomba nije kwa wazee wetu, maana siwezi kuandika habari ya vitabu na vita vile nikaishia Normandy.

Vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walikuwepo kwenye vita hivyohivyo. King's African Rifles, Keya kama tulivyozoea kuiita, ilipigana Somalia na Ethiopia na Waitaliano, ikaenda Madagaska mwaka 1942, halafu Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Burma, wazee wanasema Bama, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule mwaka 1944, tope mpaka kiunoni na malaria, na Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Kiswahili ndiyo lugha waliyokuwa wanapewa amri na kuimbia. Tufunge safari, amri ya nani, amri ya Keya. Hawa nao walikuwa na mifuko kwenye sare.

Waingereza kwa watu wao walijaribu. Penguin, iliyoanzishwa na Allen Lane mwaka 1935 kwa vitabu vya peni sita, ilikuwa na kitabu kinachoingia mfuko wa sare bila hata kubadilishwa, na mwaka 1942 wakaanzisha klabu ya vitabu ya wanajeshi, kikosi kinalipia kinapata vitabu 10 kila mwezi. Klabu hiyo ilidumu mwaka mmoja hivi ikafa, wateja hawakutosha. Unaona tofauti: kule Marekani kitabu kilimfuata mwanajeshi, huku mwanajeshi alitakiwa ajiandikishe.

Kwa askari wa Keya walichotengenezewa zaidi ni gazeti. Lilikuwepo gazeti la Askari, na kwa waliokwenda Asia likawepo Heshima, yote kwa Kiswahili, pamoja na magari ya propaganda yenye sinema na redio. Silidharau gazeti hata kidogo. Mtu yuko Burma, hajui kama kwao mvua imenyesha, akipata ukurasa mmoja kwa lugha yake ni chakula. Lakini gazeti la jeshi linaandikwa na mkubwa kumwelekeza mdogo, linakuambia vita vinakwendaje, uwe na nidhamu, ukirudi nyumbani uwe raia mwema. Halikuachi peke yako na mtu mwingine wa kutunga ambaye hana haja na utii wako. Hilo ndilo kitabu kinafanya, na ndilo lililofanya Plato na Superman kwenye boksi moja kuwa jambo zito.

Najua jibu litakalokuja haraka, kwamba askari wengi wa Keya hawakujua kusoma, na vitabu vya Kiswahili vilikuwa wapi. La kwanza lina ukweli nusu. Jeshi lenyewe lilianzisha kikosi cha elimu, walimu Waafrika wakafundisha wenzao kusoma na kuandika Kiswahili kambini, na kulikuwa na makarani, watu wa mawasiliano ya simu, wauguzi, wote wasomaji. Mganda mmoja wa jeshi hilo, Robert Kakembo, aliandika kijitabu kizima kuhusu fikra za askari Mwafrika na anachotarajia vita vikiisha, kikachapwa London mwaka 1946. Huyo sio mtu wa kuhitaji kuambiwa tu awe na nidhamu. Barua za askari zilikuwa zinafika gazeti la Baraza Nairobi. Halafu tusisahau kwamba kwetu msomaji mmoja anatosha kwa wasikilizaji ishirini, mashairi ya gazeti la Mambo Leo tangu mwaka 1923 yamesomwa kwa sauti kwenye vibaraza kwa watu ambao hawakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo kitabu kimoja kwenye hema la Keya kisingekuwa cha mtu mmoja.

La pili sio kweli kabisa. Vitabu vilikuwepo. Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Suleimani, Alfu Lela Ulela, vyote vilishatafsiriwa na kuchapwa tangu mwaka 1929, hadithi za safari na hatari na majini na ujanja, yaani ndizo hasa hadithi za kumfaa kijana aliye mbali na kwao. Mwaka 1934 James Mbotela alishatoa Uhuru wa Watumwa, simulizi ya watu waliotekwa wakauzwa wakakombolewa baharini wakaanza maisha upya karibu na Mombasa. Ni kitabu kifupi, ungekikata kikae mfukoni bila kuondoa hata sentensi. Kingesomwaje Kalewa, usiku, na watu ambao babu zao ndio waliokimbia misafara ile, leo wamevishwa sare wapigane kwa ajili ya uhuru wa watu wengine? Swali hilo ndilo linaloniuma mimi. Nadhani jibu lake ndilo lililofanya gazeti lionekane salama zaidi.

Mwaka 1945 Elspeth Huxley alitumwa kuzunguka Afrika Mashariki kuangalia haja ya vitabu kwa Waafrika, na kutokana na kazi hiyo ikaja East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948 chini ya Charles Richards. Bureau ilifanya kazi nzuri sana, vitabu vingi tulivyokua navyo vimepitia humo, na waliorudi kutoka vitani ni sehemu ya sababu ya kuundwa kwake maana walirudi wanataka kusoma. Ila ona tarehe. Kule kitabu kilikwenda vitani, huku kilianza kutafutwa vita vilipoisha.

Tena hadithi ya vita vyenyewe kwa lugha yetu ilikuwa inatungwa, na mtunzi bora kuliko wote. Shaaban Robert aliviandikia vita vile utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 Hata 1945, Hitler yumo, Mussolini yumo, Wajapani wamo, mizani nane nane kama walivyoimba mababu. Ulitoka kama kitabu mwaka 1967. Mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1962, na askari aliyevuka Chindwin akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 43.